Watoto, tanga na daftari: maswali tunayoulizwa kuhusu safari zetu za jahazi kutoka Lamu

Sisi ni watu watano wa Amu, yaani mji wa Lamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mume wangu ni nahodha mzaliwa wa Matondoni, kijiji cha kisiwani kwetu, na watoto ni watatu: binti wa miaka 13, mvulana wa miaka 10 na kitindamimba wa miaka 6. Mwaka wa saba huu likizo zetu tunazipitisha chomboni. Wazazi wenzangu huniuliza habari zake sokoni, arusini, hata kwenye boti ya kwenda Mokowe, gati la bara. Nimeyakusanya maswali yao hapa. Yale yanayonigusa nimeyajibu kwa urefu. Mengine jibu lake ni fupi.

Mnakwenda wapi, na lini?

Upepo ndio unaopanga. Kaskazi hushika mwezi wa Disemba ikavuma mpaka Machi. Kusi huingia Aprili na kukaza Juni hadi Agosti. Katikati yake kuna tangambili, siku ambazo upepo huja huku na huku, na nahodha hulala na jicho moja wazi.

Neema tuliyopata ni kwamba kalenda ya shule za Kenya inakwenda na pepo hizi kana kwamba iliandikwa na baharia. Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka inapofika, kaskazi ndiyo kwanza inaanza, bado changa. Tunatweka tanga na kushuka nayo Malindi, na miaka mingine mpaka Kilifi au Mombasa. Shule hufunguliwa Januari, wakati kaskazi imekaza. Kurudi Lamu wakati huo ni kupiga bisha siku nzima, upepo na mkondo wote usoni, kwa hiyo hatujaribu. Jahazi tunaliacha Kilifi, kule ndani maji yalikotulia, mume wangu anafanya kazi zake nalo huko, nami na watoto tunarudi kwa basi. Likizo ya Aprili inapokuja kusi imeanza kuingia. Tunateremka tena kwa basi, tunapanda chombo, na kusi inatusukuma nyumbani. Mvua za masika hutulowesha barabara.

Agosti hatutoki nje. Bahari ya nje huwa imefungwa na kusi, na wazee hawakusema hivyo kwa kupamba maneno. Mwezi huo ni wa kushona tanga na kuandika. Nitaueleza chini.

Safari fupi za katikati ni za visiwani kwetu: Pate, Siyu, Faza, Ndau, na Kiwayu ambako ni karibu maili 30 za bahari kutoka Amu.

Jahazi lenyewe likoje?

Mita 11, mlingoti mmoja, tanga moja la pembetatu juu ya foromali, mti unaobeba tanga. Farumi, uzito wa kutuliza chombo, ni magunia ya mchanga. Iko mashine ndogo tezini, yaani nyuma, kwa dharura. Vyumba hakuna, turubai ndiyo dari, na leso mbili zilizoshonwa pamoja ndizo pazia la binti na la mama yake.

Shule je? Hawaachwi nyuma?

Hawakosi hata siku moja ya darasa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka kila mzazi ampeleke mtoto shuleni, nami ni mwalimu, siwezi kuwaambia wazazi wa wanafunzi wangu jambo moja na nyumbani nikafanya jingine. Bahari yetu ni ya likizo.

Lakini likizo hiyo imewafunza mambo ambayo mimi darasani nimeshindwa kuyafunza kwa chaki, na hili nalisema kwa uzito wake. Mtoto akikosea hesabu ubaoni, anapata alama ya mkasi, basi. Akikosea hesabu ya maji, chombo kinakaa juu ya tope.

Hesabu hiyo ya maji ndiyo shule yetu ya kwanza, na yeyote anaweza kuifunza. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua, maji makubwa. Hapa kwetu siku hizo hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kupwa karibu saa nne. Katikati ya bamvua mbili ni maji mafu, maji madogo. Sasa mwambie mtoto azidishe dakika 50 kwa siku 15. Atapata dakika 750, ambazo ni saa 12 na nusu, yaani karibu nusu ya siku nzima, na hapo atatambua mwenyewe kwa nini bamvua ya mwezi mpevu inajaa saa zile zile za bamvua ya mwezi mwandamo. Binti yangu alipoligundua hilo alikuwa na miaka tisa. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza nani mwingine anajua.

Kwa hiyo mtoto anayejua leo ni siku ya ngapi ya mwezi wa Kiislamu anajua maji yako wapi. Upepo lakini hauko katika mwezi. Mwaka wa mwandamo unarudi nyuma siku 11 kila mwaka, hauwezi kukwambia kaskazi itaanza lini. Ndiyo maana mabaharia wetu waliweka mwaka wa Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365, wakauhesabu kwa miongo, siku kumi kumi. Mwezi kwa maji, jua kwa upepo. Mvulana wangu alilielewa hili kabla hajajua jina la sayari hata moja.

Kasi tunaipima kwa kumbi la nazi. Ubavuni tumetia alama mbili za rangi zilizoachana mita 10. Mmoja anatupa kipande cha kumbi omo, yaani mbele, mwingine anahesabu sekunde kikitoka alama moja hadi ya pili. Kikipita kwa sekunde nne, tunakwenda mita mbili na nusu kila sekunde, karibu maili tano za bahari kwa saa. Kitindamimba bado hawezi kugawanya, lakini ndiye anayetupa kumbi, na hakuna anayeruhusiwa kumnyang'anya kazi hiyo.

Ni kweli binti yenu aliwapwelesha Mkanda?

Ni kweli, na mwenyewe ameniruhusu nisimulie.

Mkanda ni ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, wenye mikoko pande zote mbili. Jahazi halipiti hapo ila maji yamejaa. Miaka miwili iliyopita, siku tatu baada ya bamvua, mume wangu alimwambia binti yake, "Leo nahodha ni wewe. Tuambie saa ya kupita." Alikuwa na miaka 11. Akahesabu, akasema saa tatu asubuhi. Tukafika saa tatu kasoro, tukaingia, na hatukufika mbali chombo kikasimama.

Kosa lake lilikuwa moja. Dakika 50 alizihesabu kwa kila maji badala ya kila siku, kwa hiyo siku tatu kwake zikawa na nyongeza ya saa tano badala ya saa mbili na nusu. Maji yalikuwa yamejaa saa kumi na mbili u nusu, na tangu hapo yalikuwa yakipwa. Baba yake aliyaona yakipwa tangu tulipokaribia mikoko. Alinyamaza. Baadaye nilimwuliza mbona hakusema, akanijibu kwamba pale ni tope laini, chombo hakiumii, na siku moja tunayo ya kupoteza.

Tulikaa pale saa saba na nusu, jahazi limelala ubavu, mbu wanaingia, jua la utosi. Binti alilia mwanzo. Hakuna aliyemgombeza. Nilitoa madaftari, nikawapa kila mmoja penseli yake, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kuwapa.

Usiku ule, tumetia nanga, tuliyasoma. Binti alikuwa ameandika: "Nimehesabu kila maji dakika 50. Si hivyo. Ni kila siku. Tumekaa matopeni saa saba na nusu kwa hesabu yangu, na nahodha ajaye akisoma hapa asirudie." Mvulana, aliyekuwa na miaka minane, aliandika hivi: "Yeo tumepwelewa. Mizizi ya mchu imesimama kama penseli. Kaa wana milango, maji yakija huiziba kwa tope." Katika ukurasa wake mzima hakutaja hata mara moja kwamba kulikuwa na shida. Mdogo alichora jahazi limelala na watu watano wamesimama wima angani.

Siku moja, mahali pamoja, na mambo matatu tofauti kabisa. Nimefundisha insha miaka mingi, nikiwapa watoto kichwa cha habari na kuwaambia waandike. Tangu siku ile nimepunguza.

Kwa nini mnasisitiza sana kuandika? Si wapumzike?

Kwa sababu safari isiyoandikwa inaozea kichwani upesi kuliko samaki. Na kwa sababu kule baharini maandishi yana kazi.

Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliacha daftari moja la ngozi. Liko kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, siku zimehesabiwa kwa miongo ya Nairuzi, na kila mstari una upepo, mahali na neno moja au mawili: "Ungwana, maji mekundu." "Kipini, hatukuingia." Mume wangu alilitumia daftari lile kwa miaka bila kulisoma lote. Watoto ndio waliolisoma lote, kwa kuwa madrasa imewapa herufi na baba yao amewapa majina ya mahali. Kazi hiyo iliwachukua Agosti mbili. Walipofika kwenye mstari wa Kipini tulifungua ramani, tukaona mto Tana unavyoingia baharini hapo na mawimbi yanavyovunjika mdomoni mwake, tukaelewa babu aliwaambia nini kwa maneno mawili.

Hapo ndipo niliposhika ninachokiamini sasa kuhusu kufundisha watoto kuandika: mpe mtoto msomaji anayemhitaji. Msomaji wa daftari la chombo ni mtu atakayepita hapo kesho. Mtoto akijua hivyo haandiki maneno ya kujaza ukurasa.

Utaratibu wetu si mkubwa. Wanaandika siku ile ile kabla ya kulala, hata mistari miwili. Kwa penseli, maana wino hukimbia ukiguswa na maji ya chumvi. Kwanza wanachokiona, wanachokisikia na upepo umetoka wapi. Ya moyoni yakija, yaje baada ya hayo. Chomboni sisahihishi hata herufi moja. Madaftari hukaa ndani ya debe la biskuti, limefungwa kwa plastiki.

Agosti ndipo tunapoyafungua. Kusi inapiga madirisha, tanga limetandazwa ukumbini linatiwa viraka, na watoto wanachagua safari moja ya kuandika upya kwa urefu. Wakimaliza wanamsomea mavyaa wangu, mama wa mume wangu. Macho yake yamefunga, mwaka wa nane sasa, na safari zote hizi anazipata kwa masikio. Ndiye msahihishaji mkali kuliko mimi. Mtoto akisoma sentensi isiyo na kitu, yeye husema neno moja tu: "Sijaona." Mvulana aliwahi kumsomea, "Bahari ya Malindi ilikuwa nzuri sana." Bibi akasema, "Sijaona." Akaenda, akarudi baada ya chakula cha mchana, akasoma: "Maji ya mto Sabaki yanaingia baharini yana rangi ya chai ya maziwa, na mpaka wake umekatika kama ukingo wa mkeka." Bibi akaguna, akamwambia aendelee.

Nataka kuwapeleka wangu. Mahali gani pana la kuwafunza?

Siyu ningeianza mimi. Unaingia kwa mkondo mwembamba wa mikoko, maji yakiwa yamejaa tu, na mtoto anaona kwa macho kwa nini mji ulijificha. Ngome iko, lakini waeleze kwamba karne ya 18 na ya 19 huu ulikuwa mji wa wanazuoni na wanakili wa misahafu. Watu walikaa hapa kwa kalamu na wino wakaishi kwa kazi hiyo. Na kisiwa ni kile kile cha Pate, kisiwa cha Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia bintiye utendi wa wasia mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Hilo nilimwambia binti yangu tukiwa tumetia nanga, taa imewashwa, sikuongeza neno.

Shanga iko kisiwa hicho hicho. Wachimbaji wa mambo ya kale, miaka ya 1980, walikuta chini ya msikiti wa mawe alama za misikiti midogo ya miti, wa kwanza kabisa wa karne ya 8. Misikiti juu ya misikiti, watoto hulipenda hilo. Takwa, upande wa Manda, ni karibu, inafaa kwa siku moja.

Njia ya Malindi ni maili 75 hivi za bahari. Tukitoka alfajiri na upepo mzuri, tunatia nanga Ngomeni karibu na magharibi, hatulazimishi kufika siku ile. Pale nje ya Ngomeni kuna majukwaa ya chuma yamesimama baharini. Waitaliano walirusha setilaiti kutoka hapo kuanzia 1967 hadi 1988, na tarehe 12 Disemba 1970, Siku ya Jamhuri, iliondoka setilaiti iliyoitwa Uhuru, ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Sisi hupita hapo Disemba. Kitindamimba alitaka kujua kama walikuwa na nahodha.

Malindi penyewe watu wote hukimbilia nguzo ya Vasco da Gama. Tunakwenda na sisi. Ninachowaambia wangu ni kwamba mwaka 1498 Mreno yule alifika hapa hajui njia ya kuvuka kwenda Bara Hindi, na rubani alimpata Malindi. Njia ilikuwa inajulikana. Pepo hizi hizi walizozisoma asubuhi ndizo zilizokuwa zikivusha vyombo.

Mtoto akilewa bahari mnafanyaje?

Tunamkalisha katikati karibu na mlingoti, uso mbele, macho kule mbingu inapokutana na maji. Kipande cha tangawizi mdomoni, ndimu ya kunusa. Asisome wala asiandike mpaka apoe. Siku ya pili mara nyingi huwa amezoea. Asiyezoea kabisa asilazimishwe. Apande basi, akungoje Malindi.

Na usalama?

Jaketi za kujiokolea huvaliwa tangu gatini, na mzazi avae wa kwanza. Usiku mtoto hatoki kwenye turubai bila kamba kiunoni. Redio ya baharini huwa chaneli 16. Kabla ya kuondoka tunasoma ilani za Idara ya Hali ya Hewa, na tunamwachia mtu wa nchi kavu karatasi yenye majina yetu, njia na siku ya kufika. Wa kwenda Kiwayu na Kiunga aulize kwanza kwa walinzi wa pwani na kwa wavuvi wa huko. Kule ni karibu na mpaka, na ruhusa hubadilika.

Jambo jipya ni meli kubwa. Tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lilipofunguliwa Mei 2021, zinaingia ghuba ya Manda, na meli ya namna ile haiwezi kukukwepa. Njia ya kina kirefu ni yao. Sisi wa tanga tukae pembeni, na taa iwake.

Na mara tatu tumegeuza chombo tukarudi nyumbani, chakula chote kimeshapikwa. Watoto waone na hilo.

Mnakula nini?

Mkate wa mofa na tende zinazokaa siku nyingi, wali wa nazi, na samaki tuliyemvua. Jiko la makaa liko ndani ya sanduku la mchanga. Maji ya kunywa hupimwa kila asubuhi na mvulana, akaandika yamebaki madumu mangapi.

Watu hawasemi, binti baharini?

Walisema. Mavyaa wangu alikuwa wa kwanza. Nilimjibu kwamba binti yuko na baba yake na mama yake, kajisitiri, na sala hazimpiti; safarini tunazipunguza kama tulivyoruhusiwa. Kibla chenyewe hukitafuta yeye kwa dira, maana kutoka kwetu Makka iko karibu sawa na kaskazini, na ndiyo maana wazee wetu upande huo waliuita kibla. Siku hizi mavyaa ndiye anayemwuliza, "Kaskazi imeshika? Mbona hamjaondoka?"

Hatuna chombo. Tuache?

Msiache. Nusu ya haya hayahitaji chombo. Chukua kijiti, mpe mtoto kisu akikate alama kwa kila upana wa kidole, mkakichomeke katikati ya ufuo maji yakiwa yamepwa, mahali pasipopita punda wala boti. Kaeni naye. Maji yakigusa alama ya kwanza, aandike saa. Ya pili, aandike saa. Aandike ni siku ya ngapi ya mwezi, upepo unatoka wapi, na nani amepita. Ukurasa mmoja unatosha. Kesho rudini hapo hapo kwa saa ile ile ya alama ya kwanza, mkione kijiti bado kikavu.